Shingo zinazouma na maneno yanayoziponza

Ni jambo lisilopingika kwamba mtu akishapita umri wa miaka arobaini hivi, shingo yake huanza kuwa na mambo yake. Huamka asubuhi ikiwa imekakamaa, hugeuka kwa shida mwenyewe anapoitwa kutoka nyuma, na mara kwa mara hutoa mlio mithili ya changarawe zinazokanyagwa. Madaktari wana jina la hali hii, nalo limetoka mbali: spondilosisi ya shingo, neno ambalo mzizi wake ni wa Kiyunani na maana yake ni pingili. Sisi wenye shingo zenyewe tunayo majina mengi mno, jambo ambalo halina tofauti kubwa na kutokuwa na jina lolote. Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo naamini kwamba sehemu ya maumivu ya shingo katika nchi hii husababishwa na maneno, na sehemu hiyo imo katika uwezo wetu sisi walimu kuitibu.

Nitatoa kisa kimoja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Machakos, mama wa makamo, alikwenda kupimwa kwa sababu ya maumivu yaliyokuwa yakianzia kisogoni na kuteremka begani hadi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Alipigwa picha ya eksirei, akapewa dawa za kutuliza maumivu pamoja na karatasi yenye maneno mawili ya Kiingereza, kisha akaitiwa mgonjwa aliyemfuata. Neno la kwanza katika karatasi hiyo alikuwa amekwisha kuliona kwenye mabango ya kampeni dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Kwa muda wa majuma matatu mama huyo aliishi akiamini kwamba ana saratani, na hakumwambia hata mumewe. Aliyemfumbua macho ni mwalimu mwenzake wa somo la bayolojia.

Asiwepo mtu wa kumcheka. Kosa halikuwa lake. Neno la Kilatini ambalo Waingereza walilirithi lina maana ya shingo, iwe ni shingo inayobeba kichwa au shingo ya mji wa mimba, na Kiingereza humwachia msomaji kazi ya kutambua ni shingo ipi inayozungumziwa. Kiswahili nacho kimetumia taswira hiyo hiyo, lakini kwa uangalifu zaidi, kwa maana hakuna asemaye shingo ya kizazi akaliacha lile neno kizazi. Laiti karatasi ile ingeandikwa maneno matano tu ya Kiswahili, kulika kwa pingili za shingo, mama yule angelala usingizi wake.

Je, ni kitu gani hasa kinachotokea? Shingo ya binadamu ina pingili saba, idadi ambayo haizidi wala haipungui ile ya twiga, ila za twiga ni ndefu ajabu. Pingili ya kwanza wataalamu wameiita Atlasi, kwa jina la lile jitu la ngano za Kiyunani lililohukumiwa kuibeba mbingu. Ya pili ni mhimili, ambao una kijino kinachochomoza juu ili Atlasi ipate kuzunguka juu yake tunapotikisa kichwa kukataa jambo. Kuanzia pingili ya pili kuteremka chini, kila pingili imetenganishwa na mwenzake kwa diski ya gegedu ambayo kiini chake, kwa mtoto mchanga, huwa ni maji kwa sehemu kubwa. Kadiri umri unavyosonga maji hayo hupungua, diski hunywea na nafasi iliyo kati ya pingili hufinyika. Mwili nao haukai kimya. Hujaribu kuimarisha kiungo kilicholegea kwa kuotesha vichomozo vidogo vya mfupa pembezoni mwa pingili, na wakati mwingine vichomozo hivyo, au diski iliyovimba na kutokeza nje, huibana neva inayokwenda mkononi. Kulika huku hutokea zaidi chini ya shingo, baina ya pingili ya tano na ya sita, na baina ya ya sita na ya saba, mahali ambapo shingo hukunjika sana.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha. Hupata lishe yake kwa kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo inayofyonza maji. Kwa maneno mengine, mwendo ndio chakula chake. Ukweli huu ndio unaonifanya nilione neno moja linalopendwa sana hivi sasa kuwa hatari kuliko yote, nalo ni kusagika.

“Pingili zako zimesagika.” Nimeambiwa maneno hayo mimi mwenyewe, katika kliniki moja ya kibinafsi, na tabibu ambaye hakuinua macho yake kutoka kwenye picha. Mzungumzaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo huona jiwe na unga. Kitu kilichosagwa hakirudi kuwa punje, na kila mzunguko wa jiwe hukizidishia usagikaji. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hujizuia asigeuze shingo, hununua kola ya shingo na kuivaa miezi mingi bila ya ushauri, na misuli ambayo ilipaswa kukishikilia kichwa chenye uzito wa kilo nne au tano hudhoofika kwa kukosa kazi. Shingo inayonyimwa mwendo hukakamaa zaidi, huuma zaidi, na mwenyewe huthibitishiwa kwamba kweli amesagika. Neno limejitengenezea ushahidi.

Ilhali picha hiyo ya eksirei, kwa watu wengi, haina habari kubwa ya kutangaza. Wengi wa waliopita miaka 60 wakipigwa picha za shingo wataonekana kuwa na alama hizi za kulika, na idadi kubwa miongoni mwao hawana maumivu yoyote. Zipo shingo mbaya kwenye picha ambazo haziumi, na zipo zinazouma ambazo picha zake ni safi. Mvi ni alama ya umri, na hakuna aliyewahi kulazwa hospitalini kwa ajili ya mvi.

Tatizo la pili linalotukabili ni neno mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano inayounganisha msuli na mfupa, na katika vinywa vya wengi ni ngiri pia. Mgonjwa anayesema “mishipa ya shingo imenikaza” huenda anazungumzia msuli uliochoka kwa kuinama, jambo dogo. Huenda pia anazungumzia neva iliyobanwa, jambo linalohitaji uangalizi. Tabibu aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza anayasikia maneno hayo na kuandika analoona yeye. Lugha yenyewe si maskini hata kidogo. Tunao msuli, tunayo kano, tunayo neva, na kwa asiyependa neno la mkopo ipo mishipa ya fahamu, istilahi ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko neva kwa kuwa inajieleza yenyewe. Ila hatuyafundishi.

Na uti wa mgongo je? Hapa mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Homa ya uti wa mgongo ni maradhi ya hatari yanayoweza kuua mtu kwa siku chache, na watu wamezoea kulifupisha jina hilo likawa “uti wa mgongo” tu. Basi mtu akitoka hospitalini na kusema ameambiwa ana ugonjwa wa uti wa mgongo, majirani wanaweza kuogopa kumkaribia. Isitoshe, kifua kikuu nacho hushambulia pingili za uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1779, na hadi leo yanapatikana katika nchi yetu. Kwa hiyo chini ya jina moja tumeyaweka mambo matatu: kulika kwa umri ambako hakuambukizi wala hakuui, homa inayoua upesi, na kifua kikuu kinachotibika kwa dawa iwapo kitagunduliwa mapema.

Ukiondoka mjini Machakos ukaelekea Wamunyu, mada hii huacha kuwa ya vitabuni. Huko ndiko kitovu cha uchongaji wa vinyago vya Akamba, kazi ambayo inasimuliwa kwamba ilianzishwa na Mutisya Munge baada ya kujifunza kuchonga akiwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji hukaa chini, kinyago katikati ya miguu, shingo imeinama, tezo inapanda na kushuka kutwa nzima. Karibu naye utamwona mwanamke anayerudi kutoka mtoni akiwa na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukiwa umeshikiliwa kwa ukanda uliopita kichwani mwake. Wakikuyu huuita ukanda huo mukwa. Lita 20 za maji ni kilo 20, bila kuuhesabu mtungi wenyewe.

Kuna utafiti mashuhuri uliofanyika hapa hapa Kenya kuhusu jambo hili. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo walivyowafanyia wanawake wa Kiluo, ambao hubeba mizigo utosini, na wa Kikuyu, ambao hutumia ukanda. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu za ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Matokeo hayo yalistaajabisha ulimwengu, na yamekaririwa mara nyingi kama sifa kwa mwanamke wa Kiafrika. Siyapingi. Lakini tusome kwa makini. Kilichopimwa ni pumzi, yaani kiasi cha oksijeni inayotumika, pingili hazikupimwa. Halafu tupige hesabu: asilimia 20 ya mwanamke mwenye kilo 60 ni kilo 12. Mtungi wa maji umekwisha kuvuka kiwango hicho kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Waliopima pingili ni Waghana. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Jumah na Nyame, walichapisha utafiti uliolinganisha watu waliozoea kubeba mizigo kichwani na wale wasiobeba, wakaona kwamba kulika kwa pingili za shingo kulikuwa kwingi zaidi miongoni mwa wabebaji. Huo ni utafiti mmoja, wa namna moja ya ubebaji, na ningependa sana kuona wanafunzi wetu wakiufanya wa kwao Ukambani. Ukanda huivuta shingo kwa njia isiyofanana kabisa na mzigo wa utosini, kwani huku kichwa kinavutwa nyuma na misuli ya mbele inapambana kukirudisha.

Jambo hili lina historia ndefu. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na mzigo wa mpagazi wa misafara ya pwani na bara ulikuwa wa kilo 30 hivi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yalipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Tunalitamka jina hilo kila siku bila kufikiri kwamba ni jina la shingo na mabega ya watu. Na pale ambapo punda alikuwa amempunguzia mama mzigo, yalikuja machinjio ya punda kuanzia mwaka 2016, moja likiwa hapa Machakos, kwa ajili ya soko la ngozi la Uchina. Malalamiko ya wananchi kwamba punda wao waliibwa usiku yalisikika kote, hata serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Sijaona wakati huo mtu akiuliza maji yaliyokuwa yakibebwa na punda hao yalihamia kwenye shingo ya nani.

Walimu wenzangu watasema: sisi hatubebi mitungi. Ni kweli, lakini tunabeba vichwa vyetu vibaya. Mwalimu anayesahihisha madaftari sabini juu ya meza fupi huwa ameinamisha shingo kwa saa mbili au tatu mfululizo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikadiria kwa kielelezo cha kompyuta kwamba kichwa kikiinamishwa nyuzi 60 huielemea shingo kwa uzito unaokaribia kilo 27. Hesabu hiyo imeenezwa mno, hasa katika kuwaogofya vijana na simu zao, na lazima niwe mkweli: ni makadirio ya mzigo, si uthibitisho kwamba simu inalika pingili. Kinachojulikana ni kwamba kuinama kwa muda mrefu bila kubadili mkao huchosha misuli na kuleta maumivu. Mwanafunzi anayeumwa na shingo akiwa na miaka kumi na saba hana spondilosisi kwa kawaida; ana misuli iliyochoka, na dawa yake ni kuinuka.

Nimelishutumu neno kusagika kwa kuwa linatisha pasipo sababu. Kwa upande wa pili lipo neno linalotuliza pasipo sababu, yaani “uzee tu”. Hili nalo lina madhara yake. Mara chache, lakini si mara chache kiasi cha kupuuzwa, vichomozo na diski hufinya ugwe mgongo wenyewe, ule mkungu wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya pingili. Hapo maumivu huenda yakawa madogo au yasiwepo kabisa. Mwenye hali hiyo huanza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Mwandiko wake ubaoni hubadilika. Chaki humponyoka. Miguu huwa mizito na mikakamavu, akitembea huyumba kana kwamba ardhi si sawa, na mwishowe huenda akashindwa kujizuia haja ndogo. Babu wa namna hiyo huambiwa na wanawe kwamba ni uzee, naye hukubali. Kumbe huyo ndiye anayepaswa kufikishwa hospitalini bila kuchelewa, maana upasuaji katika hali hiyo hufanywa hasa ili kuzuia madhara yasiendelee, na yaliyokwisha kuharibika hayarudi yote. Vivyo hivyo kwa maumivu ya shingo yanayoandamana na homa, au kukonda, au yaliyofuata kuanguka kutoka juu ya mti au pikipiki.

Kwa wengi waliosalia, tiba si ya ajabu: dawa za maumivu kwa muda mfupi, mazoezi ya kuimarisha na kunyoosha shingo na mabega yanayofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, kubadili mkao, kuinua meza au daftari, kupunguza uzito wa mzigo. Hata mkono unaokufa ganzi kwa sababu ya neva iliyobanwa, kwa watu walio wengi hupata nafuu katika majuma au miezi kadhaa bila ya kisu. Haya yote yanaweza kuelezwa kwa dakika tano, kwa Kiswahili au kwa Kikamba, ambacho huiita shingo ngingo na hivyo ni ndugu wa damu.

Kwa nini basi hayaelezwi? Kwa sababu tumekigawa Kiswahili kazi ya fasihi na sarufi, tukakinyima mwili. Mtoto wetu hufanya mtihani wa lugha hii tangu shule ya msingi, akajua ngeli na tamathali za usemi, akaeleza maana ya kukubali jambo shingo upande, lakini akiulizwa tofauti ya kano na neva hana jibu, kwa kuwa mambo hayo aliyasoma kwa Kiingereza na akayasahau kwa Kiingereza. Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni kinachomzuia mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili kuchukua kifungu cha ufahamu kuhusu pingili na gegedu badala ya kile cha faida za umoja kilichochosha kila mtu.

Pendekezo langu jingine ni kwa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, ambacho kina tawi hapa Machakos. Wanafunzi wake wapewe mtihani wa kueleza ugonjwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, mbele ya mtu asiyesoma udaktari, na anayeshindwa arudie kama anavyorudia mtihani wa dawa.

Kuhusu jina lenyewe, nimependekeza kulika kwa sababu jembe hulika likiendelea kulima, na ngazi ya mlangoni hulika ikiendelea kukanyagwa. Mwenzangu katika idara anapendelea kuchakaa, akisema kulika kunamfanya mgonjwa ashuku kuna mdudu. Nimemjibu kwamba kitu kilichochakaa hutupwa. Tumelijadili suala hili mihula miwili sasa, na wasomaji wanakaribishwa kuchangia, hasa wale ambao shingo zao zina miaka zaidi ya zetu.